Mafundo Matano

Nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Msamala, anakaa mama mmoja kijana anayeloweka muhogo. Huuweka kwenye debe karibu na mlango wake, na ikifika siku ya tatu harufu yake inavuka ua na kuingia kwangu bila hodi. Ni harufu ya uchachu, ya kitu kinachooza kwa faida ya watu. Wajukuu zangu hubana pua na kucheka. Mimi huacha ninachokifanya, nikasimama kidogo.

Juma lililopita mtoto wa huyo mama, Rehema, wa miaka miwili, alivuta mwiko uliokuwa ndani ya sufuria, na uji ukammwagikia mkono. Si jeraha la kuua, lakini mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake bombani kesi ilikuwa imeshakwisha. "Mama yake alikuwa wapi?" akauliza mmoja. "Nami najiuliza hilohilo, alikuwa wapi?" akajibu mwingine. Wa tatu akasema wasichana wa siku hizi wanajua kuzaa tu, kulea hawajui. Nami nilikuwepo na ndoo yangu, na sitawaficha, nilitikisa kichwa pamoja nao. Nikajitwisha maji, nikarudi, na ile harufu ikanipokea mlangoni. Hapo ndipo nilipoona aibu. Mwanamke mzima mwenye mvi kama mimi! Swali lile niliwahi kulisikia likiulizwa mbele ya mama yangu mzazi, na aliyekuwa na jibu lake ni mimi.

Ninyi wa rika langu mliobaki mnaikumbuka njaa ile. Vita vilikuwa vimekwisha. Sisi watoto hatukujua vimekwishaje, tuliona tu kwamba wanaume hawapo na kwamba maghala ni majivu. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamepita na moto, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, na mbegu zilizobaki tulizila badala ya kuzipanda. Tulikaa kwenye kibanda cha nyasi karibu na kijito kinachoshuka kutoka milima ya Matogoro, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Tukala majani. Majani yalipokuwa machache, watu wakakumbuka ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini, na ni kiazi kibaya. Ukikila kama kilivyo kinakulevya, kinakutapisha, na mtoto mdogo kinaweza kumwondoa kabisa. Lakini wazee walijua dawa yake, nayo ni maji na subira. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye tenga, unalizamisha tenga kijitoni na kuliwekea jiwe juu. Maji yanapita usiku na mchana yakichukua ukali wake kidogo kidogo. Siku ya tano unatoa, unaonja kwa ncha ya ulimi, kisha ndipo unapika. Na vile vipande vikishalowa hutoa harufu, ileile inayovuka ua wangu leo.

Siku zenyewe tulizihesabu kwa kamba. Hatukuwa na kalenda ukutani. Wengine hata huo ukuta hatukuwa nao. Ulichukua kamba ya gome la mti, ukafunga fundo moja kila kukicha, na mafundo yakitimia idadi mliyoagana, siku imefika. Mtu akisafiri, waliobaki nyumbani walimfungia mafundo mpaka arudi.

Baba alipoondoka na wenzake kwenda vitani, mama alitundika kamba juu ya mlango. Baba alikuwa amenyunyiziwa yale maji ya dawa kifuani, na alitucheka tulipolia. Alisema risasi zitageuka maji na kumdondokea kama mvua. Mama akafunga fundo kila asubuhi. Kamba ikajaa, akaunga nyingine. Halafu asubuhi moja sikumwona akifunga, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Na baba hakurudi. Akili yangu ya miaka saba iliyaunganisha mambo hayo mawili kwa namna ilivyoweza: baba hakurudi kwa sababu mama alichoka kufunga. Sikumwambia mtu. Nilimpenda mama, na nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa pamoja, na mama hakujua kwamba mahakama ya kwanza kumhukumu ilikuwa inalala naye ngozi moja.

Mdogo wangu tulimwita Babu, kwa sababu alirithi jina la babu yetu mzaa baba. Ndiyo maana shangazi, dada yake baba, alimwita baba. Asubuhi alipopita kwetu alipiga magoti mbele ya mtoto wa miaka mitatu mwenye makamasi na kumwambia, "Baba, umeamkaje?" Naye Babu, kwa kuwa alizoea heshima hiyo, aliitika kwa kichwa tu. Mama hakupigiwa goti wala kusalimiwa vizuri. Ilivumishwa kwamba wake za wapiganaji walivunja miiko huku nyuma, ndiyo maana maji ya dawa yakashindwa. Shangazi alikuwa mjane wa siku nyingi, hakuna wa kumnyooshea kidole, na maneno hayo aliyachukua mazima akamtwisha mama. Alikaa banda la tatu kutoka letu. Moshi wetu aliuona, na sisi tuliuona wake, basi.

Sasa, siku moja mama alichimba ndiga, akakata, akazamisha tenga, na kesho yake alfajiri akafunga fundo la kwanza. Asubuhi iliyofuata akafunga la pili. Jua halijapanda sana, akaja tarishi wa jumbe pamoja na askari wa boma. Walikuwa wanakusanya wanawake wa kubeba mizigo ya nafaka kwenda kambi ya upande wa Ruvuma.

"Nina watoto wadogo," mama akasema.

"Kila mtu ana watoto," tarishi akajibu, na hakusema kwa ukali, alisema kwa uchovu. Askari alikuwa anatazama pembeni.

Mama aliomba muda wa kufunga nguo. Akaniita, akanitilia kamba mkononi. Maneno yake yalikuwa ya Kingoni, mimi nayaandika Kiswahili, lakini hakuna hata moja nililosahau. "Kila jua likichomoza, funga fundo moja. Yakitimia matano, ndiga zimeiva, na mimi nitakuwa nimerudi. Kabla ya hapo usiguse lile tenga. Mle mboga niliyoacha. Na kukiwa na neno, kimbia kwa shangazi yako."

Yeye mwenyewe hakupita kwa shangazi kumwambia kwamba anatuacha. Muda ulikuwepo, mdogo lakini ulikuwepo. Msafara ulipita palepale. Nimelifikiria hilo miaka mingi na naliona ni kiburi, kiburi cha mtu aliyesemwa sana. Namsamehe, lakini silifichi.

Siku ile ikapita. Asubuhi nikafunga fundo la tatu, kwa uangalifu mkubwa, jua likichungulia. Babu aliamka akitaka mama. Nikampa mboga, akaitema. Nikambeba, akanipiga. Kufika adhuhuri alikuwa ameacha kulia kwa kupenda, analia kwa kuwa hajui namna ya kunyamaza, na mimi nikaishika ile kamba nikaitazama.

Mnaona nilikofika. Mama alisema yakitimia matano atakuwa amerudi. Niliisikia vizuri. Kwangu mimi fundo halikuwa hesabu ya siku. Fundo ndilo lililoileta siku. Ndilo lililoivisha ndiga na ndilo lililowarudisha watu. Baba alipotea kwa uzembe wa kufunga, na mimi sikuwa mzembe. Nikafunga la nne. Nikasimama njiani, nikatazama upande wa Ruvuma. Hakuna mtu. Nikafunga la tano, nikalikaza kwa meno.

Mama hakutokea. Nikajiambia kwamba njia ni ndefu, huenda ndiyo kwanza anageuka. Lakini ndiga hazina safari, hizo lazima ziwe tayari. Nikaenda kijitoni, nikaondoa jiwe, nikachukua vipande. Sikuonja kwa ncha ya ulimi, maana mafundo matano yalikuwa yameshaonja. Nikapika, na nikampa Babu kwanza, kwa kuwa mama alinifundisha hivyo, mdogo hula kwanza. Alikula kwa furaha. Alinitazama kwa macho ya kushukuru, na macho hayo sijayasahau. Mimi nilipotia kipande cha kwanza mdomoni, ulimi ukawaka moto, nikatema.

Babu alianza kuyumba akiwa amekaa. Udenda ukamtoka, macho yakazunguka, mikono ikawa inatetemeka peke yake. Nilipiga ukelele. Sikukimbilia kwa shangazi, ingawa niliagizwa hivyo. Nilisimama palepale nikapiga kelele, na shangazi ndiye aliyekimbia, mwanamke mnene wa zamani ambaye njaa ilikuwa imemwachia ngozi tu, amekamata nguo yake mkononi isimwangushe.

"Umempa nini baba yangu?" Akaona chungu. "Mama yako yuko wapi?"

Hakungoja jibu. Alimlaza Babu kifudifudi juu ya magoti, akamtia unyoya wa kuku kooni mpaka akatapika, akamnywesha maji ya vuguvugu, akamtia unyoya tena. Mara ngapi sijui. Alikuwa akimsihi, "Baba, toa. Baba, usinifanyie hivi mara ya pili, ulishaniacha mara moja." Jua likashuka, Babu akalala, lakini usingizi wenye pumzi nzuri. Siku ya pili yake asubuhi alifumbua macho akataka kula, na shangazi akalia kwa sauti, mbele yetu, bila kuficha uso.

Mama alifika kesho yake jioni mapema. Ilikuwa siku ya tano ya kweli, kama alivyosema. Utosi wake ulikuwa umechunika kwa mzigo. Kwenye pindo la nguo alikuwa amefungia punje za mtama, zile zilizodondoka magunia yalipofunguliwa, ameziokota moja moja nyuma ya mgongo wa askari. Alikuwa anatabasamu alipotokea njiani. Akawakuta wanawake watano wamekaa mlangoni kwake, na hakuna aliyempokea.

"Ulikuwa wapi?" shangazi akamwuliza. Wote walijua alikuwa wapi. Wawili kati yao walikuwa wamejificha porini ili wasichukuliwe safari ileile.

Asubuhi wakakutana kwa baba mkubwa, kaka yake baba, mwanaume pekee wa ukoo aliyerudi, naye alirudi na mguu mmoja mbovu. Sikuelezwa shauri ni la nini, lakini nilielewa. Shangazi alitaka kumchukua Babu. Alisema mwanamke huyu aliachiwa mume, mume akapotea. Ameachiwa baba wa ukoo, amemlisha sumu. Alisema ndiga hazikulowekwa siku za kutosha, na kosa hilo ni la mvivu au la mlafi, achague mwenyewe. Wanawake wakaguna. Yule aliyeguna zaidi ni mmoja wa wale waliojificha.

"Ziliwekwa siku ngapi?" baba mkubwa akauliza.

"Niliacha kamba," mama akasema.

Akaninyooshea mkono, nikampa. Aliipitisha kamba katikati ya vidole, polepole, huku akitazama mbele. Mafundo yake yalikuwa madogo, yaliyobana. Yangu yalikuwa makubwa na yamekaa upande. Kidole chake kilisimama juu ya la tatu, kikaenda la nne, kikaenda la tano. Alijua alifunga mawili, na alijua jua lilikuwa limechomoza mara ngapi kabla Babu hajala. Alinitazama mara moja tu.

Kisha akaikunja ile kamba, akaifutika kwenye nguo. "Nilikosea hesabu," akasema. "Ni mimi."

Nilikuwa nimemhukumu mwanamke huyo tangu baba alipopotea, na hapo alikuwa anakubali kupoteza mtoto ili mtoto wake mwingine asinyooshewe kidole. Wakati ule sikuwa na maneno ya kusema hivyo. Nilijua tu kwamba Babu yuko mgongoni kwa shangazi, ameshafungwa mbeleko, na kwamba wakiinuka pale hatalala kwetu tena.

"Nilifunga mimi," nikasema.

Mtoto hakuruhusiwa kusema kitu kwenye kikao. Mama akanivuta nguo nikae, nikakataa kukaa.

"Siku moja nilifunga matatu. Mama alisema yakitimia atarudi. Babu alikuwa analia, nikafunga haraka haraka ili arudi."

"Kufunga ndiko kunakomrudisha mtu?" baba mkubwa akauliza, na mwanamke mmoja akaanza kucheka.

"Ndiyo," nikasema. "Ya baba si mliacha kufunga?"

Yule mwanamke akaacha kucheka. Baba mkubwa akautazama mguu wake. Hakuna mtu pale ambaye hakuwa na wake aliyepotea, na hakuna ambaye hakuwahi kuamini jambo, kwa moyo wake wote, kuhusu maji. Mimi niliamini kamba. Wao walikuwa watu wazima. Nilianza kulia kwa kuwa nilidhani wamenikasirikia.

Aliyesema kwanza ni shangazi. "Mimi nilifunga mpaka kamba ikaisha," akasema. "Ya kaka yangu. Nilifunga hata baada ya huyu kuacha, nikimficha." Akamtazama mama, na sikuwahi kumwona akimtazama hivyo, uso kwa uso. "Wewe uliwezaje kuacha?"

"Mikono ilikataa, wifi," mama akasema.

Shangazi akaanza kufungua mbeleko. Alifungua vibaya, huku anasema, kama anayejigombeza mwenyewe: "Banda la tatu. Nipo banda la tatu. Siku nzima ya kwanza sikuona moshi kwao, nikasema shauri yake, atajua mwenyewe. Nilisikia mtoto analia tangu asubuhi. Nilimsikia! Tumekaa hapa tunamwuliza huyu alikuwa wapi, na huyu alikuwa chini ya mzigo wa Wadachi. Mimi nilikuwa wapi?"

Akamtoa Babu mgongoni, akamweka mapajani kwa mama. Babu, baba wa ukoo, akajinyoosha akataka kunyonya mbele ya kikao, ingawa alishaachishwa ziwa zamani. Baba mkubwa akasema shauri limekwisha, twendeni tukatafute chakula.

Jioni ile shangazi alikuja kwetu na chungu chake kichwani na mafiga yake matatu kwenye tenga. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alipanga mafiga kando ya yetu, akasema kuni ni chache, moto mmoja unatosha. Tangu siku hiyo ndiga zililowekwa kwa tenga moja, na kamba ilikaa kwake, ameivaa shingoni ili mimi nisiifikie. Mama akichukuliwa mzigo, shangazi yupo. Shangazi akienda porini, mama yupo. Zile punje za mtama zilizotoka kwenye pindo la nguo hatukuzila. Walizipanda wawili, bega kwa bega, na mvua ilipokuja zilituotea.

Nami mama hakunipiga. Aliniletea ile kamba jioni ileile, kabla hajaikabidhi kwa shangazi, akaniambia nifungue mafundo yangu matatu. Mawili yalifunguka. La mwisho, lile nililolikaza kwa meno, kucha zangu zilishindwa, akalifungua yeye kwa meno yake. "Mimi hurudi kwa miguu," akaniambia. "Ukiona nimechelewa, itazame njia, kamba uiache." Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu baba aondoke.

Babu yu hai mpaka leo, ana wajukuu, ana kitambi. Akija kwangu nikimpakulia chakula, kabla hajanawa hunitazama kwa jicho la upande na kuuliza, "Dada, umehesabu vizuri?"

Basi siku ile, baada ya kuweka ile ndoo ya maji chini, sikukaa. Nilijifunga kanga yangu nikavuka ua, nikapiga hodi. Yule mama kijana alifungua mlango nusu. Rehema alikuwa mgongoni, mkono umefungwa kitambaa, ananitazama. Macho ya mama yake yalikuwa yamevimba, na nikaona kabisa ananingoja nimseme.

"Shikamoo bibi," akaanza harakaharaka, "nilikuwa nimetoka kidogo tu, wallahi, nilikwenda kuchota maji, nikasema narudi sasa hivi, sikujua kama..."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Ulikuwa wapi sijakuuliza. Nimekuja kukuuliza kesho unakwenda wapi, ili nikae na mtoto."